Shangazi na Kiti cha Nyuma ya Dereva

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kununua vipuri vya mabasi yetu, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mhariri wa jarida la wafanyakazi amenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kumwandika, kwa sababu anasema nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko binadamu mwingine yeyote ukimwondoa mume wake. Ni kweli. Meza zetu zinatazamana, feni ni moja, na ile feni tumeigombania tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo msitarajie wasifu wa kupakwa rangi. Nitasema ninachokijua.

Kwa wale wageni mnaolisoma jarida hili mkisubiri gari getini, niieleze kwanza kazi yenyewe. Kampuni yetu ni ya mabasi ya kukodi. Asubuhi tunabeba wanafunzi, mchana wauguzi wa zamu, jioni watu wa kiwandani. Basi likiharibika, fundi hutaja anachotaka, na mtu mmoja huchukua mkoba wake na kwenda kukitafuta. Mtu huyo ni Shangazi. Sote tunamwita hivyo, hata meneja, hata mlinzi wa getini ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake mdogo. Jina lake la kwenye vyeti lipo ofisini kwa anayelihitaji.

Alipoajiriwa, kila kipuri kilitoka kwa wakala mkuu, yaani lile duka kubwa la kuta za vioo lililoruhusiwa na watengenezaji wenyewe kuuza vitu vyao. Kila kipuri, jamani, hadi mipira ya kufutia kioo na vishikio vya dirisha. Basi zima linakaa juu ya mawe likisubiri kishikio! Baadaye akaja meneja mwingine, akasema huo ni ufujaji, akageuza mambo juu chini: kila kitu sasa kitoke kwenye maduka ya mtaani, kule nyuma ya soko, ambako vipuri vimepangwa hadi kibarazani. Ikawa mabasi yanatoka karakana asubuhi na kurudi mchana yakivutwa kwa kamba. Shangazi alitumikia enzi zote mbili, na katika zote mbili ni yeye aliyekuwa akitukanwa na madereva.

Hapo ndipo alipojitungia njia yake. Hakuwa wa kambi yoyote. Ukimwuliza kipi bora, cha wakala au cha mtaani, alikujibu kwa swali: kikishindwa barabarani, kitatokea nini? Kama jibu ni kwamba abiria atapigwa na upepo, au dereva ataaibika kwa honi inayokohoa, basi tukakinunue mtaani na tusahau. Kama jibu linakufanya unyamaze, hapo ndipo kazi ya kununua inapoanza, na haijalishi unaanzia duka gani.

Kule mtaani mtu wake mkubwa alikuwa Mpole. Huyu ana duka la vipuri nyuma ya soko, na aliitwa Mpole kwa kuwa hajawahi kusema jambo lolote kwa sauti ya chini. Hata akikunong'oneza bei, mtaa mzima unaijua. Kwa upande wa wakala mkuu kulikuwa na bwana wa kaunta ambaye kwa miaka mingi tulimjua kwa simu tu. Tulimwita Wiki Sita, kwa sababu kila kisichokuwepo kwenye rafu zake kingefika baada ya wiki sita. Siku moja Shangazi alimwuliza, kwa adabu zote, kama hata chai yake ya saa nne huagizwa ng'ambo. Bwana akakata simu. Baada ya dakika chache akapiga mwenyewe, akasema amekiona kile kipuri, kumbe kilikuwa nyuma ya vingine.

Mpole alipenda kumwekea Shangazi maboksi mezani. Maboksi mazuri, yenye nembo inayometameta, akiapa kwa sauti yake ile kwamba hiki ni halisi, dada yangu, halisi kabisa. Shangazi alikuwa analifungua boksi, anatoa kilichomo, kisha analiweka boksi chini ya kiti asilione. Alisema boksi silifungi kwenye gurudumu. Kisha kile kipuri alikigeuza, akakipima kwa kiganja, akakigonga kwa kucha, akakinusa. Ndiyo, akakinusa. Wateja wengine walidhani ana mapepo.

Ni yeye aliyegundua kwamba chujio la mafuta la wakala mkuu na lile la Mpole yana mhuri uleule uliojificha chini ya mpira. Kiwanda kimoja, ila moja limevaa suti. Aliyapeleka yote mawili kwa meneja, na tangu hapo machujio tunanunua mtaani na injini hazijalalamika. Lakini ni yeye huyohuyo aliyemrudishia Mpole bolti za usukani, tena mara mbili, kwa kuwa mkononi zilikuwa nyepesi mno. Mpole alipiga kelele siku ile hadi watu wakatoka nje kutazama nani amefariki. Jioni, kelele zilipokwisha, alizipima mwenyewe kwenye mizani ya jirani yake muuza misumari, akaziondoa dukani zote. Wale wawili wameheshimiana tangu siku hiyo, ingawa ukiwasikia wanavyoongea huwezi kuamini.

Silaha yake kuu, hata hivyo, ilikuwa maneno matatu: lete la zamani. Fundi akija kuomba kitu, Shangazi hakuinuka kitini mpaka aletewe kile kilichoharibika. Anakifunga kwenye kitambaa, anakitia mkobani, na huko dukani anakiweka bega kwa bega na kipya kabla hajasema neno. Mafundi walinung'unika. Walimwambia namba ya basi inatosha, mashine za siku hizi zinajua kila kitu. Alikubali kwamba mashine zinajua mengi, kisha akarudia: lete la zamani.

Mkoba ule ulimletea mambo. Kwenye harusi ya mpwa wake aliitwa mbele kutoa zawadi, watu wakapiga vigelegele, akaingiza mkono mkobani na kutoa beringi ya gurudumu la nyuma ikiwa imefungwa vizuri kwenye kitambaa cha maua. Bibi harusi akaipokea kwa mikono miwili. Bwana harusi, ambaye si mjinga, akauliza kama gari lenyewe linafuata. Mpaka leo ile beringi iko sebuleni kwao, inazuia mlango usijifunge.

Sasa kiti. Miaka ya mwanzo alikuwepo dereva wa basi la wanafunzi tuliyempa jina la Kobe, na yupo hadi leo, kwa sababu haraka si sehemu ya maumbile yake. Siku moja Kobe alimjia Shangazi amekasirika kuhusu kipuri fulani cha usukani kilichonunuliwa mtaani. Hakutukana, Kobe hatukani. Alimwambia tu kwamba wewe unanunua, lakini anayekaa mbele ni mimi, na nyuma yangu ni watoto wa watu. Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka nje, akapanda lile basi na kuketi kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha. Akazunguka nalo njia nzima. Aliporudi, aliniambia kwamba safari ile ilimfundisha kununua kuliko mwaka mzima wa kuzungukia maduka.

Ikawa desturi. Akinunua mtaani kitu cha breki au usukani, safari ya kwanza ya basi lile haiendi bila yeye. Anavua viatu, anaweka nyayo sakafuni ili aisikie breki inavyoshika, anakumbatia mkoba, haongei na mtu. Wanafunzi walimwogopa kuliko mwalimu wa zamu. Waliamini ametumwa kuandika majina ya wanaopiga kelele, na sisi hatukuona sababu ya kuwaambia vingine.

Habari inayofuata ningeiruka kama ningeachiwa, ila yeye mwenyewe ameniagiza niiweke. Alisema wasifu usio na kosa ni tangazo la biashara.

Miaka kadhaa iliyopita basi la Kobe lilihitaji pedi mpya za breki za mbele, vile vipande vinavyobana gurudumu mpaka lisimame. Safari hii Shangazi alizinunua kwa wakala mkuu. Wiki Sita aliuliza namba ya chesisi, akaiingiza kwenye mashine yake, mashine ikataja pedi, pedi zikaja kwenye boksi lake safi. Kwa kuwa zilitoka kwa wakala, Shangazi hakuomba la zamani. Na kwa kuwa zilitoka kwa wakala, asubuhi ile hakupanda. Wakati ule alikuwa akipandia vya mtaani tu. Vya wakala alivichukulia kwamba vimekwisha kupandwa na watu wa makoti meupe huko vilikotoka.

Ambacho mashine haikukijua ni kwamba lile basi, kabla halijawa letu, liliwahi kugongwa, na magurudumu yake ya mbele yakafungiwa vyuma vya basi la toleo jingine. Namba ya chesisi ilisema kweli kuhusu basi lote isipokuwa pale mbele. Pedi zote za kabla ya hapo zilinunuliwa kwa kulinganisha na zile kuukuu, hivyo zilikaa sawa bila mtu yeyote kujua kwamba kuna jambo. Hizi mpya ziliingia, zikacheza kidogo. Fundi aliona kwamba zinacheza, lakini ni mpya, tena za wakala mkuu, akasema zitatulia zenyewe.

Hazikutulia. Kuna mteremko mrefu unaoshuka kutoka sokoni hadi shuleni. Siku chache baadaye Kobe alikuwa anaushuka, watoto wanaimba nyuma yake, na pedi moja ikachomoka. Akakanyaga breki, mguu ukaenda hadi sakafuni. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, basi bado linaenda. Akalielekeza kwenye ukuta wa yadi ya mbao na kulisugua ubavu mzima, polepole, mpaka likachoka lenyewe. Watoto walilia, mmoja akapoteza kiatu, lakini hakuna aliyeumia hata kidogo. Kobe alishuka, akawahesabu, akawahesabu tena, halafu akakaa chini kando ya barabara.

Jioni hiyohiyo alisimamishwa kazi. Hoja ya ofisi ilikuwa fupi: pedi ni mpya, ni halisi, zimetoka kwa wakala mkuu, kwa hiyo mwenye kosa ni dereva. Mkewe alikuwa mjamzito wa miezi mingi, na dereva akishafukuzwa kwa uzembe hakuna anayempa tena usukani, kila mtu wa kazi hii analijua hilo. Alirudisha ufunguo, akatushika mikono mmoja mmoja, akaenda zake kwa miguu.

Shangazi alikuwa salama salimini. Hakuna aliyemnyooshea kidole, na nadhani hilo ndilo lililomnyima raha. Chai yake ilipoa mezani. Feni ikawa inanielekea mimi peke yangu, naye hata hakuona. Akamwuliza fundi pedi kuukuu ziko wapi, fundi akasema zilitupwa kwenye pipa la chuma chakavu. Akatoka. Alipochelewa kurudi nilimfuata, nikamkuta nyuma ya karakana ameliinamia lile pipa, nusu ya mwili imo ndani, sketi yake ya kazini imejaa grisi. Nikamwuliza ameangusha nini humo. Akasema, akili.

Alizipata. Aliziweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu safi, kuukuu kando ya mpya. Tofauti ilikuwa unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Alizitazama hadi nikaona machozi yanamlengalenga, na Shangazi si mtu wa machozi. Kisha akazibeba zote, na grisi yake vilevile, akapanda ngazi kwenda kwa meneja.

Nilimfuata mpaka mlangoni, kwa hiyo nilisikia. Hakumlaumu wakala, wala fundi, wala mashine. Alisema kosa ni langu mimi mnunuzi. Alisema mtaani nilikuwa naangalia kwa macho yangu, kwa wakala nikaangalia kwa macho ya boksi. Sikuomba la zamani na sikupanda. Kama ningepanda ningesikia pedi inacheza, kwa hiyo dereva arudishwe na mimi nichukuliwe hatua. Meneja, na hapa nimpe haki yake, alishuka naye hadi karakana, akachuchumaa kwenye gurudumu na shati lake jeupe, akazijaribisha pedi zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Kobe aliitwa kesho yake.

Shangazi naye alichukuliwa hatua kama alivyoomba. Aliondolewa kwenye ununuzi, akapelekwa getini kugawa funguo za mabasi. Alikaa kule miezi, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika, isipokuwa kuhusu redio ya mlinzi. Funguo alizipanga upya ubaoni kufuatana na breki za kila basi zilivyo kuukuu, na madereva wakawa wanajua hali ya gari kabla hawajaliona.

Wiki Sita alikuja. Hilo hakuna aliyelitarajia. Alisikia yaliyotokea, akaomba ruhusa kazini, akafika getini kwetu na kipimo cha chuma mfukoni. Sisi kwa ile sauti ya simu tulishajichorea jitu la miraba minne. Akashuka bwana mfupi, mwembamba, ameshika kikopo cha chakula chake cha mchana. Akajitambulisha kwa Shangazi, mtu aliyegombana naye kwenye simu nusu ya maisha yake. Akamwomba amwoneshe lile gurudumu. Tangu siku hiyo, ukimpigia Wiki Sita kuuliza kipuri, kabla hajagusa mashine yake anakuuliza kama gari lako liliwahi kubadilishwa chochote. Naye wakala mkuu akawa anapokea la zamani kaunta, jambo ambalo kabla ya hapo lingekufanya uonekane mshamba.

Mtoto wa Kobe alipozaliwa, baba yake alimleta getini amefungwa kwenye shuka, akamlaza mezani kwa Shangazi katikati ya funguo. Shangazi alimwangalia mtoto, akaomba radhi, akatoka nje kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akadai ni vumbi la karakana. Sote tukakubaliana naye kwamba vumbi limezidi.

Aliporudishwa kwenye meza yake, desturi ilikuwa imebadilika. Sasa alipandia kila kitu, cha wakala, cha Mpole, hata kije kwenye boksi la dhahabu. Jua, mvua, malengelenge ya miguu, anapanda. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa utani mwingi, alikishonea kile kiti kifuniko cha kitambaa cha buluu, akisema kama mke wangu ameamua kuhamia kwenye basi, basi angalau asichafue nguo. Kifuniko hicho kimehama kutoka kiti hadi kiti, basi baada ya basi, na sasa kimechakaa pembeni.

Mwaka huu barua ya kustaafu ilipokaribia, Shangazi alibadilika. Mumewe aliniambia kwamba nyumbani hapati usingizi kabisa. Analala chali, anatazama dari, na ukimwuliza anakuambia anawaza mabasi. Nilidhani ni ile huzuni ya kawaida ya kuacha kazi, nikamtania kwamba nitamtumia picha ya feni. Hakucheka. Akaniambia kinachomsumbua. Kununua kunafundishika, alisema, hata kunusa kunafundishika. Lakini nani atapanda?

Meza yake amepewa Shemeji. Huyu alikuwa fundi wetu wa breki, na tunamwita Shemeji kwa kuwa alimwoa dada wa fundi umeme, na fundi umeme hajaacha kumkumbusha. Ni mtu makini, anauliza, anasikiliza. Amezunguka naye maduka yote tangu mwanzo wa mwaka, Mpole ameshampigia kelele za kutosha, Wiki Sita ameshamwambia wiki sita. Nilimwambia Shangazi amwambie tu kijana huyu wa watu kwamba kupanda ni sehemu ya kazi, yaishe. Akakataa katakata. Alisema nikimwambia apande, atapanda kwa ajili yangu, na nikiondoka ataacha. Meneja alitaka kuliandika jambo hilo kuwa kanuni. Shangazi akamwomba asiliandike. Akabaki na wasiwasi wake na macho yake makavu ya kukosa usingizi, anahesabu Ijumaa zilizobaki.

Wiki iliyopita zamu ya pedi mpya ilifika tena kwenye basi la Kobe. Shangazi hakuzigusa. Aliketi mkono mmoja juu ya mwingine, akamwacha Shemeji afanye kila kitu. Shemeji alidai la zamani, akalifunga kwenye kitambaa. Kwa wakala mkuu hazikuwepo, na mnajua zingefika lini. Akaenda kwa Mpole. Seti ya kwanza akairudisha, ya pili akaikubali, akaja akazifunga na kuzifungua na kuzifunga tena. Shangazi aliyaona yote kupitia dirisha letu. Jioni ile aliondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema na mkoba wake, kama kawaida, tayari kupanda. Mimi nami nilikuwepo. Nitasema ukweli, nilikwenda kwa umbea. Alipanda ngazi za basi, akageukia kiti chake, akakuta kina mtu. Shemeji alikuwa ameketi juu ya kile kitambaa cha buluu, amevua viatu, nyayo ziko sakafuni, na mapajani ameshika pedi kuukuu kwenye kitambaa. Hakumwona Shangazi mara moja, alikuwa anaitazama barabara. Alipomwona akashtuka, akaanza kuinuka kumpisha.

Shangazi akamzuia kwa mkono. Kobe, ambaye huongea mara moja kwa msimu, akageuka kwenye usukani wake na kusema kwamba Shangazi, nyuma kuna nafasi.

Akaenda nyuma. Mimi nikakaa safu moja mbele yake, nikijifanya natazama nje. Tukachukua watoto kituo baada ya kituo, wakajaa, wakaanza kuimba, kwa kuwa yule mwandika majina hayupo mbele. Tukafika kwenye mteremko wa sokoni. Ule ukuta wa yadi ya mbao bado una mchubuko wetu, hawajawahi kuupaka rangi. Kobe akapunguza, nikaona macho yake kwenye kioo yanamtafuta Shangazi huko nyuma, ajue anaendeleaje. Nikageuka nami.

Alikuwa amelala. Si kusinzia, jamani, kulala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mkoba umeteleza hadi chini ya kiti na yeye hana habari. Watoto waliokuwa karibu naye wakaona namtazama, wakaacha kuimba bila kuambiwa, ukimya ukasogea kiti hadi kiti mpaka mbele. Breki zikashika kwenye mteremko ule, taratibu, zikashika hadi chini. Shemeji hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anasikiliza sakafu.

Watoto waliteremka shuleni kwa kunyata. Sisi tukarudi naye karakana akiwa bado amelala, na Kobe akaegesha kivulini, akazima injini, akatukataza kufunga mlango kwa nguvu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru mume wake na watoto wake waliotuazima mtu kwa miaka yote hii, wakarejeshewa kila jioni akinuka mpira na grisi. Tunamshukuru Mpole, ambaye ameahidi kuja Ijumaa na kusema maneno machache kwa sauti ya chini, tutaona. Wiki Sita naye amethibitisha kwamba zawadi yake itafika siku hiyohiyo.

Nawe Shangazi, asante. Feni sasa ni yangu peke yangu, na sijui hata niielekeze wapi. Maisha yako huko nyumbani yawe mema na marefu, na afya isikupungukie. Siku ukitaka kwenda popote, simama pale getini, basi letu litakuchukua. Kaa kiti chochote unachokipenda, na usingizi ukikujia, lala.